Sura ya wapiga kura wa eneo bunge: namna ya kuisoma Mombasa

Eneo bunge ni sehemu ya nchi inayochagua mbunge mmoja. Kenya ina 290, na Kaunti ya Mombasa ina sita: Mvita, Nyali, Kisauni, Jomvu, Changamwe na Likoni. Wachambuzi wakitaja sura ya wapiga kura, huuliza mawili kwa pamoja: eneo limekuwa likichagua nani, na wanaochagua ni watu gani hasa. Orodha ya wabunge hujibu la kwanza tu, tena nusunusu.

Tazama Mvita. Shariff Nassir wa chama cha KANU alikishika kiti hadi 2002, alipong'olewa na Najib Balala wa NARC. Balala alirudi 2007 kwa ODM, na katika chaguzi kuu za 2013, 2017 na 2022 ODM haikukiachia. Ukiishia hapo utasema ni ngome, basi. Lakini wadi zake tano hazifanani: Mji wa Kale/Makadara kuna koo za Waswahili na Waarabu waliokaa vizazi na vizazi, ilhali Shimanzi/Ganjoni imeshikana na bandari, na kazi za bandarini zimevuta watu wa bara tangu zamani. Chama kikishatawala namna hiyo, vita vyenyewe huhamia kwenye mchujo, yaani kura ya chama ya kumteua mgombea, na matokeo ya uchaguzi mkuu hayavionyeshi.

Mtego mkubwa ni mipaka. Katika mapitio ya 2012 Nyali ilikatwa kutoka Kisauni, na Jomvu kutoka Changamwe. Kwa hiyo Kisauni iliyompa Hassan Joho ubunge 2007 si Kisauni iliyomchagua Rashid Bedzimba 2013. Kulinganisha kura za miaka hiyo miwili ni kupoteza wakati. Nyali nayo hupotosha kwa jina. Watu hufikiria mabangaloo ya ufuoni, wakasahau kwamba Kongowea na Ziwa la Ng'ombe, mitaa ya watu wa kawaida, zimo humo humo. Ilimchagua Hezron Awiti wa Wiper 2013, kisha Mohamed Ali akiwa mgombea huru 2017, na Mohamed Ali tena 2022 kwa UDA. Suti ya chama, yaani kukipigia chama kimoja kura zote, huko haikai sawasawa.

Likoni ina jeraha lake. Mashambulizi yaliyoanza Agosti 13, 1997, miezi michache kabla ya uchaguzi, yaliwafukuza watu wengi wenye asili ya bara. Anayesoma matokeo ya Desemba mwaka ule bila kujua hilo atadhani watu wamebadili msimamo, kumbe wengine hawakuwepo tena.

Mkazi na mpiga kura pia si kitu kimoja. Sensa huhesabu waliolala hapa; daftari la wapiga kura huhesabu waliojiandikisha hapa. Wako wanaoishi Mikindani au Chaani miaka mingi na kura yao iko ushago, kijijini kwao. Anayetaka kuihamisha sharti aombe angalau siku 90 kabla ya uchaguzi, na wengi hukumbuka muda umeshapita.

Halafu angalia waliojitokeza. Agosti 9, 2022, chini ya nusu ya waliosajiliwa Mombasa ndio waliopiga kura. Tena kura ya ugavana haikupigwa siku hiyo: karatasi zilikuwa na makosa, ikasogezwa hadi Agosti 29. Ukiweka kura za mbunge kando ya za gavana mwaka huo, unalinganisha foleni mbili tofauti.

Ukitaka undani, shuka hadi fomu 35A, yaani matokeo ya ubunge ya kituo kimoja. 35B ni majumlisho ya eneo zima. Kituo hakizidi wapiga kura 700, kwa hiyo shule moja yaweza kuwa na vituo kadhaa. Usichukue kimoja ukasema ndio mtaa: daftari la shule hiyo hugawanywa kwa herufi za majina, si kwa nyumba. Jumlisha vituo vyote vya shule kwanza, kisha shule zote za wadi, ndipo ulinganishe wadi na wadi.