Picha Zikishasafishwa, Zinakwenda Wapi?

Wapo wanaokuja dukani kwangu kusafisha picha kwa sababu wanazihitaji: pasipoti saizi za chuo, picha za harusi, picha ya marehemu ya kutiwa kwenye fremu. Hao najua picha zao zinakwenda wapi. Wanaonipa mawazo ni wale waliobeba kamera kwa mapenzi tu: mwalimu wa sekondari, nesi, kijana wa bandarini. Wanaleta flashi mwisho wa mwezi, wanasafisha bunda la 4 kwa 6 na A4 moja mbili, wanazitazama pale kaunta, tunasifiana, zinarudi kwenye bahasha. Ukiwauliza baadaye ziko wapi, jibu ni moja: "Zipo, kabatini."

Kwa mtu wa Dodoma kabati si pabaya. Kwetu Mtwara ni pabaya, na sababu yake inaeleweka. Wataalamu wa kuhifadhi picha wanapendekeza hewa yenye unyevu wa asilimia 30 hadi 50. Pwani hii, kuanzia Kilwa hadi Msimbati, unyevu mara nyingi unapita asilimia 70, na mvua zikishashika nguo zenyewe ndani ya sanduku hunuka. Picha iliyosafishwa kwa dawa ina utando wa jelatini, kitu kinachopatikana kwenye ngozi na mifupa ya wanyama. Jelatini ikinywa maji inalainika na kunata. Ukungu nao unaipenda, maana kwake hicho ni chakula. Ndiyo maana bunda lililofungwa na mpira na kusukumwa nyuma ya mashuka huharibika kama makopa yaliyotiwa guniani kabla hayajakauka: nje unaona salama, katikati pameshaoza. Ukija kuzitenganisha, sura ya mtu mmoja inabaki mgongoni mwa mwingine.

Kabla hujaamua picha zako zikae wapi, muulize aliyekusafishia ametumia njia gani. Zile za dawa nimeshazieleza. Za printa ya wino zina namna mbili. Wino wa rangi iliyoyeyuka majini, ambao ndio uliojaa kwenye printa za bei nafuu, ukikutana na unyevu unatambaa. Mstari uliokuwa mkali unakuwa na kivuli cha zambarau. Wino wa chembechembe unavumilia zaidi, maji na mwanga vyote. Halafu kuna mashine ndogo za joto zinazotoa picha kavu papo hapo, zile za kwenye sherehe. Hizo hufunikwa na utando mwembamba wa plastiki mwishoni, kwa hiyo tone la maji haliziui, ila jua linaziua.

Sasa ushauri wangu, na najua wengine hawaupendi: sehemu kubwa ya picha zako usikae nazo. Mpe uliyempiga. Kama umempiga mama anayeokota chaza maji yakitoka Mikindani, au fundi anayeziba jahazi Kilwa, picha ile ina kazi zaidi kwake kuliko kwako. Wewe unalo faili, yeye hana kitu. Unarudi, "Shikamoo bibi, nimekuletea picha yako," na "Marahaba mjukuu wangu" utakayoitikiwa si ile uliyoitikiwa siku ya kwanza. Kuanzia hapo hutafuti tena watu wa kupiga, utaitwa. Na kuna jambo zito zaidi. Mtu akifariki, mara nyingi familia huja dukani na simu iliyopasuka kioo au kitambulisho cha taifa, wakitaka sura ile ndogo ikuzwe. Faili la simu lililopita WhatsApp mara kadhaa halikuzwi likapendeza. Sisi wenye kamera tunazo picha nzuri za watu hao, tumezifungia kwenye bahasha, na wenyewe hawajui kama zipo.

Ila usitoe picha tupu. Andika nyuma: jina, mahali, mwaka. Mwaka 1906 Karl Weule, Mjerumani wa makumbusho ya Leipzig, alitua Lindi akazunguka Masasi na Newala na kamera yake, na picha zake zikaenda Ujerumani. Picha nyingi za enzi zile zilizopigwa na wageni zinakutajia kabila na kijiji. Jina la mtu halimo. Ni babu za watu wa huku, na hakuna wa kusema yupi ni nani. Wewe mtu wa hapa huna kisingizio hicho, umekaa naye umekunywa naye chai.

Penseli ilikuwa nzuri kwa karatasi za zamani. Karatasi za siku hizi zimepakwa plastiki pande zote mbili, penseli inateleza. Kalamu ya kawaida ukiikandamiza inaacha mchirizi unaoonekana usoni kwa picha. Tumia kalamu ya wino usiofutika yenye ncha laini, andika pembeni, uache ikauke kabisa kabla ya kupanga picha moja juu ya nyingine.

Hizo chache utakazobaki nazo zitie kwenye boksi la plastiki gumu lenye mfuniko unaobana, pamoja na vile vifuko vya chembe za kunyonya unyevu vinavyokuja ndani ya maboksi ya viatu na redio. Vyenye chembe za bluu ni bora kwa sababu zinageuka waridi zikishashiba, unajua wakati wa kubadilisha. Boksi lisilobana halina faida, vifuko vitakunywa unyevu wa chumba kizima. Na ulifunge siku kavu, Julai au Agosti hivi. Ukilifunga mvua ikinyesha umeifungia mvua humo ndani. Liweke juu ya rafu, mbali na ukuta wa nje. Sakafuni utakuwa umewaandalia mchwa.

Albamu za kurasa zenye gundi sizipendi hata kidogo. Gundi inageuka njano na picha haitoki tena. Chukua zile za vifuko, na uvinuse kabla ya kulipa: plastiki yenye harufu kali ya mpira mpya iache dukani.

Fremu ndiyo mahali watu wanapoharibu picha nzuri kabisa, tena kwa gharama. Fundi anachukua kioo, anabandika picha nyuma yake moja kwa moja, anafunga kwa misumari. Masika ya kwanza jelatini inashika kioo. Mwambie akate paspatu, ile fremu ya kadibodi inayozunguka picha, ili kioo kisiguse. Akikuambia hana, vipande vyembamba vya kadibodi vilivyofichwa chini ya ukingo wa mbao vinatosha. Nyuma, kwenye kona za chini, gundisha vipande vya kizibo ili hewa ipite kati ya fremu na ukuta. Na kama picha imeshanata, usiivute. Ipige upya ikiwa ndani ya kioo hichohicho, kwa mwanga wa pembeni, ndipo uhangaike na mengine.

Laminesheni wenzangu wanaikataa kwa sababu ukishaipitisha kwenye moto hairudi nyuma. Ni kweli. Lakini mimi naitumia sana kwa picha za ukutani kwenye vibanda vya chai, kwa mama ntilie na vinyozi, kwenye moshi na mikono yenye mafuta. Picha ile haikusudiwi kuishi miaka mia, inakusudiwa kutazamwa na kila anayesubiri chapati. Kibanda kimoja chenye wateja kinakupa watazamaji wengi kuliko maonyesho yoyote utakayoyaandaa. Omba ruhusa ya mwenye kibanda, na kabla ya hapo ya mwenye sura. Picha za jando na unyago usizitundike popote, hata kama wenyewe walikuruhusu kupiga. Waliokuruhusu si wote watakaopita pale.

Zilizobaki, zile zenye ukungu wa kamera au macho yaliyofumba, kata vipande upeleke vya kujaribia rangi kwa fundi wako. Usizichome jikoni, ile plastiki inatoa moshi mbaya.