Mpira wa miguu sio ngozi jamani

Jumamosi kaja kijana na kiroba cha mipira iliyopasuka, kakibwaga hapa kibarazani kwangu Ngamiani, Tanga, ninapotengeneza hereni na bangili kwa mipira mibovu, ananiambia "Dada, ngozi tupu hiyo, nipe bei ya ngozi." Nimemwelewesha mpaka koo limekauka hakunielewa, na wateja nao ni hivyo hivyo, akishika hereni tu anauliza ngozi ya ng'ombe au ya mbuzi. Sasa naandika, akija mwingine namtumia linki.

Mipira ya siku hizi sio ngozi. Wa shule sio, wa mtaani sio, hata ule unaochezewa uwanja wa Mkwakwani timu yetu ya Coastal Union wakicheza sio ngozi. Ngozi ilikuwepo zamani, ukinyeshewa unakunywa maji unakuwa mzito kama jiwe, na kwenye Kombe la Dunia mpira wa kwanza wa sintetiki tupu ni Azteca wa Meksiko 1986. Hesabu mwenyewe ni miaka mingapi.

Huamini? Chukua wembe ukate kipande, halafu kiangalie ubavuni pale ulipokata, sio usoni. Ngozi ni nyuzinyuzi zimeshikana kuanzia juu mpaka chini, huoni mstari. Mpira una matabaka kama chapati: juu plastiki nyembamba, pengine na kisponji, chini vitambaa viwili vitatu vimegandishwa kwa gundi. Na tafadhali msichome kiberiti kujaribu, najua mmeambiwa ngozi inanuka nywele zilizoungua na ni kweli, ila ukichoma plastiki ya PVC unavuta moshi wa asidi kifuani.

Sasa kinachoniumiza ni hiki, hata wanaokubali kwamba ni plastiki wanadhani plastiki ni plastiki. Hapana. Kuna PVC na kuna PU. PVC ngumu, inang'aa, kadiri inavyozeeka mara inanata vidoleni mara inakakamaa inapasuka. PU ndo laini, ukiishika unaweza kuapa ni ngozi, rangi inaipokea vizuri na hereni zake zinapendeza kuliko zote, lakini unyevu unaila. Kama una lile sofa lililoanza kumenyeka magamba ukabaki unafagia kila asubuhi, basi ni ugonjwa huo huo, na huku kwetu pwani hewa yenyewe ni maji. Ndo maana mpira uliokaa kabatini miaka kumi bila kupigwa teke hata moja unaweza kuwa mbovu kuliko uliochezewa jana, mtu ananiletea anasema "mpya huu" nikiukunja tu unamwaga unga. Kwa hiyo kila kipande nakikunja mgongo kwa mgongo, nakibana kwa kidole gumba, nahesabu mpaka thelathini, nikiachia nakwangua pale kwenye mkunjo kwa kucha. Kikitoa ufa hata wa unywele sikitumii.

Na hata hapo sina uhakika wa moja kwa moja. Nimeshakata vipande viwili vya mpira mmoja, hereni za mtu mmoja, moja ikamenyeka nyingine nzima. Kingo naziziba na gundi ya viatu, naona kama inasaidia ila siwezi kula kiapo, ndo maana nasema ukweli kabla hujalipa na simuandikii mtu dhamana ya miaka. Supagluu sitaki kabisa kuisikia, inaacha ukungu mweupe na inakauka kama kioo.

Kuhusu umbo, mpira wa kawaida una vipande 32, 12 vya pembe tano na 20 vya pembe sita, usining'inize kipande kizima sikioni, ni kikubwa mno. Mimi nakata pembeni ili vile vitundu vya mshono vibaki, nyuma vinakuwa vimekunjwa na uzi mweupe bado umo, hapo ndo mtu anajua kwamba hiki kilikuwa mpira.

Unataka ngozi? Nenda kwenye kriketi. Ile mipira myekundu ni ngozi kweli, nene, ndani koki, ile ya vizibo vya chupa, imezungushiwa uzi. Ngozi yake imejipinda, kwa hiyo nailoweka maji ya uvuguvugu, nalaza chini ya tofali usiku kucha, inatoka bangili ya nguvu.

Kijana nilichukua mipira yake minne kati ya kumi na moja. Chini kabisa ya kiroba kulikuwa na wa kriketi umepasuka mshono, akasema huo weka tu bure, sio kitu. Nikamlipa bei ya ngozi.