Dhamana ya serikali Marekani: nani anabanwa ahadi isipotimia?

Serikali kudhamini jambo si sawa na kuliahidi. Anayedhamini amekubali kubeba mzigo mambo yakiharibika, kama mdhamini wa mkopo anavyobanwa mkopaji akitokomea. Kwa hiyo ukisikia kwamba Marekani haki fulani imedhaminiwa, tafuta kwanza ni nani atakayebanwa.

Kwenye benki jibu liko wazi. Mwanzoni mwa miaka ya 1930 benki zilifilisika kwa maelfu, na akiba za watu zikapotea. Sheria ya 1933 ikaunda FDIC, shirika la serikali la kukinga amana. Kinga ilianza Januari 1934 kwa dola 2,500. Leo ni dola 250,000 kwa kila mteja katika kila benki, na huongezeka ukiwa na akaunti za umiliki tofauti, kwa mfano ya peke yako na ya pamoja na mwenzi wako. Mfuko wake hujazwa na ada wanazolipa wenye benki. Tangu ianze, hakuna aliyepoteza hata senti moja ya amana iliyokingwa. Hisa hazimo, hata kama umezinunulia benki hapo hapo.

Katiba nayo, katika Ibara ya 4, inadhamini kwamba kila jimbo litakuwa na serikali ya kijamhuri. Dhamana kubwa, lakini mgogoro wa jimbo la Rhode Island kuhusu serikali ipi ni halali ulipofika Mahakama ya Juu, mwaka 1849 majaji walisema hilo ni la Bunge na Rais, si lao.

Iliyo ngumu zaidi, na inayoniuma zaidi, ni dhamana ya kupata wakili unaposhtakiwa. Mwaka 1961 Clarence Earl Gideon alishtakiwa kuvunja ukumbi wa mchezo wa pool huko Panama City, Florida. Aliomba wakili kwa kuwa hakuwa na pesa. Jaji akamkatalia: sheria ya Florida ilitoa wakili kwa kesi zenye adhabu ya kifo tu. Akajitetea mwenyewe, akafungwa miaka mitano. Akiwa gerezani akaandika ombi kwa penseli kwenda Mahakama ya Juu, na Machi 18, 1963 majaji wote tisa wakakubaliana naye: mshtakiwa asiye na pesa lazima jimbo limpe wakili. Kesi iliporudiwa, safari hii akiwa na wakili, jopo la wananchi lilimwachia huru.

Ila Mahakama iliamuru bila kutoa pesa. Kila jimbo lilijitafutia njia yake. Louisiana iliegemea sana faini za barabarani na ada za mahakama, maana yake madereva wakikamatwa wachache, utetezi wa maskini unakosa fedha. Mwaka 2016 ofisi ya mawakili wa umma ya New Orleans, jiji la jimbo hilo, ilianza kukataa baadhi ya kesi nzito kwa kuelemewa, na washtakiwa wakabaki mahabusu wakisubiri wa kuwasimamia. Haki ilikuwepo kwenye karatasi, wakili hakuwepo.

Tena dhamana hiyo ni ya kesi za jinai. Ndugu zetu walioko huko wakiitwa mahakama ya uhamiaji, sheria inawaruhusu kuwa na wakili, lakini si kwa gharama ya serikali. Wengi husimama mbele ya jaji peke yao, wakati upande wa pili amekaa wakili anayelipwa mshahara na serikali.