Uzi wa bluu, uzi wa kijani: kisukari kinapogusa rangi

Mama mmoja fundi cherehani alikuja kliniki yetu ya macho na sketi ya shule mkononi. Mteja alikuwa amemrudishia: sketi ya bluu iliyokoza, pindo limeshonwa kwa uzi wa kijani. Mwenyewe aliipeleka dirishani, akaigeuza huku na huku, asione kosa liko wapi. Ana miaka 52, na kisukari aligunduliwa nacho miaka 9 iliyopita.

Nilimpima kwanza kwenye chati ya herufi. Alisoma mpaka mstari wa 6/6, yaani kiwango cha kuona vizuri, jicho moja moja, bila kubabaika. Kwa kipimo hicho peke yake angerudi nyumbani na pongezi. Nikamwekea mezani kipimo kingine: vifuniko vidogo 15 vyenye rangi, vikubwa kama vifungo vya koti, ambavyo mtu huvipanga kwa kufuata rangi inayokaribiana na iliyotangulia. Alianza vizuri. Alipofika katikati, kifuniko cha kijani kinachoelekea unjano akakibandika ubavuni mwa cha zambarau, akatulia kama mtu aliyemaliza kazi. Machoni pake vilikuwa ndugu.

Nyuma ya jicho kuna retina, lile pazia linalopokea mwanga. Ndani yake zimo seli ziitwazo koni, na ndizo zinazotupa rangi. Ziko aina tatu, na zile zinazohusika zaidi na bluu ni chache mno, hazifiki hata 10 katika kila 100. Retina yenyewe ni mlaji mkubwa wa oksijeni. Sukari ikikaa juu kwa muda mrefu, mishipa midogo ya damu inayoilisha huchakaa, huvuja au huziba, na koni za bluu ni miongoni mwa za kwanza kuonja shida hiyo. Kwa baadhi ya wagonjwa uwezo wa kutofautisha rangi hupungua hata kabla daktari hajaona doa lolote kwenye retina. Juu ya hayo, lenzi ya jicho la mwenye kisukari huwahi kuwa na unjano, na mtoto wa jicho humjia mapema. Lenzi yenye unjano huzuia mwanga wa bluu usipite. Ndiyo maana aliyefanyiwa upasuaji wa mtoto wa jicho hushangaa kuona shuka zake zimekuwa za bluu kuliko alivyozikumbuka.

Basi bluu huanza kufanana na kijani, njano hupauka ikaonekana kama nyeupe iliyochafuka, zambarau huwa kijivu. Mabadiliko huja polepole kiasi kwamba mtu hajui. Hulaumu taa, hulaumu kitambaa, humlaumu aliyemuuzia uzi.

Usichanganye hali hii na upofu wa rangi wa kuzaliwa. Ule huwapata zaidi wanaume, huwa sawa macho yote mawili, haubadiliki, na kwa kawaida huchanganya nyekundu na kijani. Huu wa kisukari hauchagui mwanamume wala mwanamke, jicho moja laweza kuzidiwa kuliko jingine, na huweza kuongezeka mwaka hadi mwaka. Hapo pana mtego ambao hata sisi wahudumu tunanaswa nao. Kile kitabu cha namba zilizofichwa ndani ya vitone vya rangi, kilichotungwa na Mjapani Shinobu Ishihara mwaka 1917, kilitengenezwa kunasa tatizo la nyekundu na kijani. Mwenye kisukari anaweza kukisoma chote, akaambiwa yuko sawa, huku bluu inampotea.

Mkanganyiko wa nyekundu na kijani nao usipuuzwe ukianza ukubwani. Wenye kisukari hupata kifua kikuu kwa urahisi zaidi kuliko wengine, na mojawapo ya dawa zake, ethambutoli, huweza kudhuru mshipa wa fahamu wa jicho. Ukiwa kwenye dozi ukaona nyekundu imefifia, rudi kwa aliyekupa dawa siku hiyohiyo. Usiiache kimyakimya.

Nyumbani, ninachohofia zaidi ya uzi ni dawa. Vijiti vya kupimia sukari kwenye mkojo husomwa kwa kulinganisha rangi, na vingi huanzia kwenye bluu-kijani, pale pale penye utata. Tumia mashine ya kidole inayotoa namba. Ukilazimika kutumia kijiti, mwenzio akusomee. Chupa za insulini nazo hubeba alama za rangi: njano kwa ile ya kufanya kazi haraka, kijani kwa ya muda mrefu kidogo, kahawia kwa mchanganyiko. Soma jina, usiamini rangi.

Kipimo cha rangi, hata hivyo, hakichukui nafasi ya kuangaliwa retina. Uzee peke yake hupunguza bluu, na glakoma, ugonjwa unaodhuru mshipa wa fahamu wa jicho, pia. Mwenye kisukari cha aina ya pili aangaliwe retina mara tu anapogunduliwa, kisha kila mwaka hata kama anaona vizuri. Wa aina ya kwanza aanze ndani ya miaka 5. Utatiwa dawa ya kutanua mboni na utaona ukungu kwa saa kadhaa, kwa hiyo njoo na mtu, na pikipiki iache nyumbani.

Yule mama tulimtanua mboni siku hiyo. Jicho la kushoto lilikuwa na vitone vya damu na uvimbe mdogo, haujafika kwenye kitovu cha kuonea, ndiyo maana herufi zilikuwa bado zake. Hakuhitaji sindano ya jicho wala leza kwa wakati huo. Alihitaji sukari na presha vishuke, na kurudi baada ya miezi 3. Aliporudi alinionyesha kigurudumu cha uzi kutoka kwenye mkoba wake: kimebandikwa kipande cha plasta, na binti yake ameandika kwa kalamu ya wino, KIJANI.