Mbwa Akikutokea Njiani, Sheria Iko Upande Wako kwa Sekunde Ngapi?

Juzi kati alikuja mama mmoja kwenye dawati letu la msaada wa sheria, anauza vitumbua huko Tabata, anatoka kwake saa kumi na moja alfajiri ndoo kichwani, sasa kufika kwenye geti moja lililoachwa wazi kidogo likatoka libwa, yeye anasema saizi ya ndama, likamrukia. Akashusha ndoo akaiweka mbele kama ngao, vitumbua vyote vikamwagika, mbwa akamuwahi shavu la mguu na mama naye akamtandika na mfuniko puani mpaka akarudi ndani. Cha kushangaza swali lake kwetu halikuwa la fidia. Aliuliza, "Mwanangu, mwenye mbwa anasema nimemuumizia mbwa wake wa laki nane, atanipeleka polisi. Nitafungwa kweli?"

Hafungwi. Na nataka nieleze kwa nini, mana watu wengi hapa Dar wamegawanyika mara mbili, kuna wanaoamini ukigusa mbwa wa tajiri umekwisha, na kuna wanaoamini mbwa akishakung'ata basi una ruhusa ya kumuua muda wowote unaotaka. Wote wamekosea.

Kanuni ya Adhabu, Sura ya 16, kifungu cha 18 na vile vidogo vyake vya 18A na 18B, inampa kila mtu haki ya kujilinda yeye mwenyewe, kumlinda mwenzie na kulinda mali, ila nguvu utakayotumia iwe ya kiasi kinachohitajika kwa kujilinda huko, basi. Upande wa pili kuna kifungu cha 325 kinachosema ni kosa kumuua, kumlemaza au kumjeruhi mnyama wa mtu kwa makusudi na isivyo halali. Hilo neno "isivyo halali" ndo lenye kazi. Mbwa yuko hewani anakuja kooni kwako, ukampiga na mwamvuli, ukampiga na tofali, hata akafa palepale, hapo ulikuwa unaokoa maisha yako na hakuna uharamu. Lakini mbwa akishageuka anaondoka, au kashafungwa mnyororo, ile haki yako imeisha saa hiyohiyo, kinachofuata ni kisasi.

Tuliwahi kupata kijana wa Kimara, kang'atwa asubuhi, akarudi kwao kimyakimya, akanoa panga, saa saba mchana akaenda kumkata mbwa akiwa kwenye banda lake. Yaani kesi aliyokuwa anaidai yeye ikageuka akawa anadaiwa yeye. Tulihangaika sana kuwasuluhisha pale serikali ya mtaa. Na hawa wanaotegesha nyama yenye sumu usiku, hao ndo wabaya zaidi, ni huohuo 325 na juu yake Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008 inayokataza ukatili, alafu sumu haichagui, anaweza kuiokota mtoto. Mwenye bastola naye asijisahau, risasi ikikosa mbwa inaenda dirishani kwa jirani na hapo utaulizwa na Sheria ya Silaha ya 2015 pia.

Sasa mwenye mbwa. Kifungu cha 233 cha ileile Kanuni ya Adhabu kinamhusu moja kwa moja, ni kosa kuzembea kuchukua tahadhari dhidi ya hatari ya mnyama uliyenaye. Kile kibao cha "Mbwa Mkali" watu wanakitundika wakidhani ni kinga, mi naona wakati mwingine kinawamaliza wenyewe, kwa sababu ukishaandika mkali umekiri kwamba unajua ni mkali, na kwenye madai ya fidia moja ya maswali makubwa ni kama mwenye mbwa alikuwa anajua tabia yake. Mwizi aliyeruka ukuta usiku hiyo ni habari nyingine, lakini mpita njia, muuza maziwa, fundi uliyemwita mwenyewe, mtoto aliyefuata mpira, hao kibao hakiwahusu. Mbwa wa kampuni ya ulinzi akikung'ata huku ameshikwa na mlinzi, kampuni inaweza kubeba mzigo wa mfanyakazi wake, usikubali kuzungushwa na yule mlinzi peke yake eti atakulipa mwisho wa mwezi. Dai la namna hii lina miaka 3 tangu tukio, ukilala limepotea.

Nije kwenye vitendo, mana sheria haikushikii mbwa. Usikimbie. Najua ni rahisi kuandika, lakini mbwa anakimbiza kinachokimbia na huwezi kumshinda mbio. Simama, mgeuzie ubavu, mikono chini, usimkodolee macho, usipige ukelele mwembamba, rudi nyuma taratibu bila kumpa mgongo. Ule ujanja wetu wa kuinama kama unaokota jiwe unafanya kazi vizuri tu kwa mbwa koko wa mtaani, wameshapigwa mawe mpaka wanajua, ila mbwa aliyefundishwa ulinzi hashtuki na kuinama ndo unampelekea uso karibu, kwa hiyo uwe unajua uko mtaa gani. Akikujia weka kitu kati yenu, begi, ndoo, baiskeli, koti ulilozungushia mkono, ang'ate hicho. Ukianguka jikunje, kidevu kifuani, mikono nyuma ya shingo vidole vimefumbana, funika masikio, tulia. Ndugu zangu wa bodaboda, mbwa akifukuza gurudumu msirushe teke, ajali nyingi hapo ni za kuanguka kuliko za meno. Punguza mwendo, ikibidi simama kabisa, wengi hamu inawaisha pikipiki ikisimama.

Ukishang'atwa, hapa naomba uniskilize hata kama mengine umeyaruka. Kabla ya polisi, kabla ya kugombana getini, osha kwa maji yanayotiririka na sabuni, dakika 15 nzima, angalia saa. Sio kupaka pilipili, sio mafuta ya taa, sio tumbaku, sabuni hata ya kipande inatosha. Kirusi cha kichaa cha mbwa dalili zake zikishaanza kwa binadamu karibu hakuna anayepona, na zinaweza kuchelewa wiki au miezi mpaka umeshasahau, lakini chanjo ikianza mapema inazuia. Sindano ya kwanza ni siku hiyohiyo, nyingine siku ya 3, ya 7, na zinazobaki kadiri hospitali itakavyokupangia, zimalize zote hata kama kidonda kimekauka. Mkwaruzo uliotoa damu nao unahesabika, na mate yaliyogusa kidonda pia. Kidonda kilichozama ndani muulize daktari kuhusu sindano ya kinga inayochomwa pale kwenye jeraha lenyewe.

Na huyo mbwa msimuue kwa hasira. Akiwa hai anafungwa na kuangaliwa siku 10, akibaki mzima siku zote hizo maana yake alipokung'ata hakuwa anatoa kirusi kwenye mate. Ukimuua na kumfukia umefukia na ushahidi wako. Kama ameshakufa mpigieni afisa mifugo wa kata, kichwa kinaweza kupimwa maabara, Wakala wa Maabara ya Veterinari yuko hapahapa Temeke. Ila usisubiri majibu ndo uanze sindano, hapana, vyote viende pamoja.

Baada ya hapo ndo unachukua PF3, ile fomu ya matibabu ya mtu aliyejeruhiwa, kituo cha polisi, unapiga picha za kidonda na za geti, unaandika majina ya walioona, unatunza risiti hata ya bajaji uliyopanda kwenda hospitali. Mwombe mwenye mbwa kadi ya chanjo, na akisema ipo lakini haioni liandike hilo pia. Mwenyekiti wa mtaa apate taarifa hata kama mnataka kuyamaliza kirafiki, na mkielewana iandikwe, mashahidi wasaini, mana ahadi za mdomo getini zinaisha kidonda kikifunga.

Yule mama alikuwa ameosha mguu kwenye bomba la jirani, hakujua anachofanya ni sahihi, alifanya tu kwa sababu palikuwa na mchanga. Alikuwa na mashahidi wawili, dereva wa bajaji na binti wa shule, na mfuniko wenyewe alikuja nao ofisini umebonyea katikati. Tulimwita mwenye mbwa kwa barua, alikuja amekasirika, tukamsomea 233 polepole, akaanza kuuliza sindano moja ni bei gani. Alilipa zote, na vitumbua vya siku ile, na siku za kukaa nyumbani. Lile geti sasa hivi lina komeo la chini.