"Mwanangu hajasoma miaka yote hiyo aje kupanda miti"

Kila Julai, kwenye maonesho ya vyuo vikuu pale viwanja vya Mnazi Mmoja, Dar es Salaam, nakaa kwenye meza ya kozi za mazingira na mipango miji. Anakuja kijana aliyemaliza kidato cha sita, anauliza maswali ya maana kabisa, halafu mzazi wake anamvuta mkono na kutamka maneno hayo hapo juu. Mwaka jana niliyasikia kabla hata ya saa tatu asubuhi. Nimeshayajibu kwa mtu mmoja mmoja vya kutosha, leo najibu kwa wote.

"Mazingira ni kupanda miti."

Miti ina heshima yake. Jiji lenye jua kama Dar es Salaam linahitaji kivuli, na mikoko ya pwani ndiyo inayopunguza nguvu ya mawimbi. Ila mwanafunzi wetu anaweza kufika mahafali hajashika jembe hata siku moja. Anashika chupa za sampuli, ramani na kalkuleta, na swali linalomfuata kila muhula ni hili: kinachomwagwa kinaenda wapi?

Chukua paa moja la mita za mraba 100. Mvua ya milimita 50 ikilipiga, zimeshuka lita 5,000. Zidisha kwa nyumba zote za mteremko unaoelekea bonde la Msimbazi, nyua zimesakafiwa kwa saruji, mtaro umejaa chupa na mchanga. Haya, nieleze miche mia moja itafanya nini saa hiyo. Desemba 2011 mafuriko yaliua watu wapatao 40 jijini humu. Mtaro unapigiwa hesabu ya upana, kina na mteremko kabla fundi hajachimba, na mwenye kuipiga lazima awe ameisomea.

Njoo kwenye choo. Sehemu kubwa ya jiji haijafikiwa na bomba la majitaka. Watu wanatumia shimo. Wanaokaa mabondeni wanalijua neno "kutapisha": mvua kubwa ikianza, mtu anatoboa shimo la choo chake, uchafu unaondoka na maji, jirani wa chini anaupokea mlangoni. Kipindupindu kinapita njia hiyo hiyo, na mwaka 2015 tulikiona. Mwanafunzi anapelekwa mtaani kujua shimo linajaa baada ya muda gani, gari la kunyonya linaingia au uchochoro ni mwembamba, kama haliingii pampu ya mkono itafanya kazi, na tope likishatolewa litatibiwa wapi. Mzazi mwenzangu, hiyo ndiyo kozi unayomwepusha nayo mtoto.

Maabara nayo haibembelezi. Maji ya mto tunayafungia kwenye chupa, yanakaa gizani siku 5 kwa nyuzi joto 20, kisha tunapima oksijeni iliyoliwa na vijidudu: uchafu ukiwa mwingi, vinakula nyingi. Mwanafunzi mmoja alifungua chupa yake, akapima, akarudia, akaniita: "Mwalimu, hiki kipimo kibovu." Kipimo kilikuwa kizima. Oksijeni ilikuwa imeisha yote, kwa sababu maji yale ni machafu kiasi kwamba lazima uyazimue kwanza ndipo upate namba. Alirudia kazi nzima wiki iliyofuata, na tangu siku hiyo hajaniuliza tena kwa nini tunapima.

"Ni ya walioshindwa hesabu." Anayeikimbia hesabu atalia kwenye takwimu mwaka wa kwanza. Basi.

"Ajira ni NEMC tu," yaani lile baraza la taifa la mazingira. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inadai tathmini ya athari kwa mazingira kabla ya miradi mikubwa, na inataka halmashauri ziwe na maofisa wa mazingira. Ongeza mamlaka za maji, viwanda na migodi. Sisemi kazi zinasubiri mlangoni. Ajira ni ngumu kila mahali. Nasema uliza mapema: shahada hii inasajiliwa na bodi gani? Sayansi ya mazingira haikufanyi mhandisi mbele ya Bodi ya Usajili wa Wahandisi, na wapo wanaoligundua hilo wakiwa wamechelewa.

"Mji endelevu ni maghorofa ya vioo." Jengo la vioo kwenye jua la Dar bila kivuli linakula umeme wa viyoyozi mchana kutwa. Waliojenga Mji Mkongwe kwa kuta nene na vichochoro vyenye kivuli walijua zaidi.

"Watu wenyewe wachafu, elimu itasaidia nini?" Hili linaniuma. Wakazi wa Tabata walikwenda mahakamani mwaka 1988 kupinga dampo lililowafukiza moshi, na wakashinda. Taka zikahamia Vingunguti, baadaye Mtoni, kisha Pugu Kinyamwezi. Sensa ya 2022 imehesabu watu zaidi ya milioni 5.3 katika mkoa huu, na taka zao nyingi ni maganda na mabaki ya jikoni ambayo yangeweza kuwa mboji. Mama anayelipa mkokoteni kila wiki si mchafu. Ametimiza wajibu wake, sisi hatujamjibu mkokoteni uende wapi.

Kwa hiyo kila kijana anayesita nampa zoezi moja: kabla ya kujaza fomu, ufuate mtaro wa mtaa wenu kwa miguu mpaka unapoishia. Binti mmoja wa Kigogo alirudi siku ya tatu ya maonesho na mama yake, ana daftari. Alikuwa amehesabu mabomba 11 yanayoingia mtaroni, na 7 kati ya hayo yalikuwa yanatiririka.

Nikamkumbusha kwamba ni Julai, mvua hakuna. Hayo maji ni ya nini?

Binti akamtazama mama yake. Mama ndiye aliyejibu, kwa sauti ya chini, kisha akavuta kiti akakaa.