Bidudu bya kitunguu na bya maharagi si bimoja

Wiki iliyopita mama moja wa Kabare alinikuta soko ya Kadutu, hapa Bukavu, ameshika majani ya kitunguu yenye madoa ya rangi ya feza, akaniambia, "Papa, ona, bile bidudu bya kwa maua ya maharagi bilihamia huku." Nilicheka kidogo, kiisha nikabeba majani mpaka labo, juu swali yenyewe haikuwa ya kijinga hata.

Walikuwa thripsi kweli, bidudu bidogo bya milimita moja hivi, ila jina ndiyo inachanganya watu. Thripsi tunaita oda nzima (kundi kubwa la wadudu) ya Thysanoptera, spishi zaidi ya 6,000, halafu ndani yake kuko jenasi moja, kikundi cha spishi za karibu, inayoitwa Thrips, ile mwanasayansi Linnaeus aliandika 1758, yenye spishi karibu 300. Kwa hiyo wa jenasi Thrips wote ni thripsi, lakini thripsi wengi sana hawamo katika hiyo jenasi. Wa kitunguu ni Thrips tabaci. Wa maua ya maharagi, yule mweusi-mweusi, ni Megalurothrips sjostedti. Familia yao moja, Thripidae, basi, undugu wa karibu unaishia hapo.

Kwa mikroskopu mimi naanzia kwa vipapasio, nahesabu pingili: tabaci ana 7, Megalurothrips 8. Kisha naangalia kichwani, mbele ya vile vijicho vidogo vitatu, kama kuko jozi ya vinywele, juu wa jenasi Thrips hawana hiyo jozi. Kazi ya kuumiza macho, na ukikosea kuweka mdudu vizuri kwa kioo, unaanza upya.

Makao yao sasa. Sjostedti ni wa Afrika, anajificha ndani ya maua ya jamii ya kunde, maua yanaanguka, mashamba ya kitunguu hayamuhusu. Tabaci yeye yuko karibu dunia nzima, mtaalamu Lindeman alimpa jina ya tumbako 1889 lakini anakula mimea mingi, na majike wanazaa bila dume, ndiyo maana wanajaa haraka hivi wakati wa kiangazi mvua haiko ya kuwaosha.

Mama alishapulizia dawa maharagi yote akingoja kitunguu kipone! Nikamuambia afungue majani pale katikati yanapobanana, ndimo wanalala, na awatafute hata ndani ya udongo, juu mbele ya kuota mabawa wengi wanashuka humo.